Kifuniko cha Kalamu Nyekundu

Makambako
2 Oktoba 2024

Lusungu mwanangu,

Barua hii nimeikabidhi kaunta ya mizigo ya basi. Utaipata stendi ya Mbezi Luis kesho jioni, uende na kitambulisho. Simu usipige. Unajua masikio yangu yalivyo, na jirani anayetupokelea hunipigia kelele kila neno, hata kabla sijalielewa, nusu ya mtaa imeshalielewa.

Naandika kuhusu gari. Nilipohamia huku mwaka juzi nilimwachia kaka yako Brightson alitumie, kwa sharti moja: siku nikilihitaji alilete. Siku imefika. Goti la mama yako halikunjiki tena. Daktari bingwa wa mifupa atakuwa hospitali ya misheni tarehe 6 na 7 Novemba, siku hizo mbili tu, kisha harudi mpaka mwezi wa tano. Basi hawezi kupanda, mguu umenyooka kama ubao. Inabidi alale kiti cha nyuma, mimi niendeshe. Tangu nilipopooza sina mguu wa kushoto wa kukanyagia klachi, na magari yote ya hapa ninayoyajua ni ya klachi. Ile Carina yetu ya otomatiki ndilo gari pekee ninaloliweza.

Brightson amenitumia habari kwa kondakta kwamba mkono wa gia umevunjika. Anasema kitufe kimechomoka, gari limebaki kwenye P, gia ya kuegesha, na halitoki. Nimejilaumu. Mimi ndiye niliyekipoteza kitufe cha kiwandani, nikaweka kifuniko cha kalamu yangu nyekundu, nikakichonga kwa wembe mpaka kikakaa. Mama yako alinicheka siku ile: "Mwalimu, hata gari unalisahihisha."

Brightson anasema mikono ya gia ya magari ya umri ule haipatikani. Yeye hutafuta kitu mara moja. Wewe hutafuta mpaka kipatikane. Ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Ile karatasi ya bima uliyonitumia mwezi wa nane niliitia sahihi bila hata kutafuta miwani. Nilipoona mwandiko wako nilijua imeshasomwa na mtu makini.

Mama yako anasema usile chipsi kila siku.

Baba yako,
Isack Mlowe


Tandika, Temeke
6 Oktoba 2024

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Barua niliipata siku ileile uliyosema. Nimeisoma mara tatu ili nisikosee tarehe za daktari, nami nimeziandika ukutani juu ya kitanda.

Nilimpigia kaka Brightson. Amesema gari liko kwenye uwanja wa fundi, mbele kidogo ya Kimara, na fundi amekwenda msibani Tanga akiwa na ufunguo wa geti. Kwa hiyo sijaliona. Nimechora mkono wa gia kwa kumbukumbu kwenye karatasi ya ofisini: shingo yake, upande wa kitufe, na pale chini unapoingia kwenye chuma. Mchoro huo nimetembea nao jana kutwa, na nakala yake nimeiweka humu uitazame.

Duka la kwanza, Kinondoni, muuzaji aliniuliza ni Carina ya mwaka gani. Nikasema tisini na sita. Akawageukia wenzake: "Jamani, huyu kaka hatafuti spea, anatafuta historia." Wakacheka, nami nikacheka nao ili wasinifukuze. Duka la pili walinipa mkono wa gari la klachi, wakaniapia kwamba ni uleule. Nikawauliza kitufe kiko wapi. Wakasema kitufe ni urembo. Huku Temeke fundi mmoja mtu mzima alinionea huruma, akaniambia nisitafute kitu, nichomeke bisibisi pale palipovunjika. "Mie nina mteja, mwaka wa nne anaendesha na bisibisi." Nilimweleza kwamba atakayeendesha ni baba yangu na mgonjwa atakuwa nyuma. Akasema basi, hapo bisibisi haifai, niende Tandale kwenye yadi za magari yanayokatwa. Nitakwenda.

Siwezi kwenda siku za kazi. Kama unavyojua, bado niko kwenye majaribio ya kazi mpaka mwisho wa Desemba, na Bi. Zuena, mkuu wetu wa masjala, anaandika saa ya kila mtu anayetoka hata kwenda chooni. Hasemi kitu. Anaandika tu.

Kuhusu karatasi ya bima, nafurahi ilikufaa. Maneno alinitajia kaka, mimi nikayapanga. Alitaka iandikwe kwamba unamruhusu "kulitumia, kulitengeneza, kulihamisha au kulitoa". Nilimuuliza bima inahitaji yote hayo ya nini. Akanicheka, "Wewe ndiye karani, unaniuliza mimi?" Ni kweli kwamba hata ofisini kwetu hatuandiki neno moja pale yanapoenea manne. Nikaandika.

Mkono wa gia utapatikana, baba. Usijilaumu kwa kifuniko cha kalamu.

Mwanao,
Lusungu


Makambako
12 Oktoba 2024

Lusungu,

Mchoro wako ni mzuri ila shingo umeifupisha. Ukipata mkono, usiutazame tu. Ushike kama unaendesha, bonyeza kitufe kwa kidole gumba. Ukiwa mzima unatoa mlio mdogo, tik, na unauhisi kidoleni. Mimi mlio niliacha kuusikia zamani, nilikuwa naufuata kwa kidole.

Mama yako ameanza kulala sebuleni, chumbani kuna kizingiti. Anasema hana haraka. Anasema hivyo kila jambo linapokuwa la haraka.

Brightson haandiki. Mwambie simgombezi. Kitu cha plastiki kuvunjika si dhambi.

Baba yako,
Isack Mlowe


Tandika
20 Oktoba 2024

Kaka Brightson,

Shikamoo. Nimekuja kwako Kimara mara tatu na simu yako haiiti. Namwachia mama mwenye nyumba barua hii.

Mkono wa gia nimeupata.

Nilikuwa Tandale jana, kwenye yadi moja nyuma ya soko. Mwenye yadi anaitwa Mudathir. Nilimwonyesha mchoro. Akasema, "Liva za otomatiki ziko kwenye boksi lile, chambua mwenyewe, ila usinimwagie." Nikachutama nikachambua. Zilikuwa nyingi, nyeusi zote. Kwa chini kabisa kulikuwa na moja yenye kitufe chekundu.

Kaka, ni kifuniko cha kalamu. Kimechongwa kwa wembe, na upande mmoja kuna alama ya meno, kwa sababu baba alikuwa akiing'ata ile kalamu akisahihisha. Niliushika kama baba alivyonielekeza, nikabonyeza. Tik. Haujavunjika mahali popote.

Nilimuuliza Mudathir gari la mkono huu limefia wapi. Akasema, "Halikufa hilo. Liliingia hapa kwa miguu yake, mwezi wa nane mwishoni. Mwenyewe kaliendesha, kaegesha pale ulipochutama, kaweka P, kashuka na ufunguo anauzungusha kidoleni. Tukamwambia braza, gari zima hili unalikataje? Akasema la marehemu baba yake, linamtia majonzi." Halafu akanitazama vizuri. "Mbona mnafanana?"

Nikamwambia watu hufanana. Nimeona bodi. Milango haipo, injini haipo, viti vya nyuma vimesimamishwa ukutani na kuku wanalala juu yake.

Nataka kuamini kuna maelezo. Labda gari liliibwa na wewe uliogopa kusema. Labda mtu anafanana nasi. Niambie. Baba anasema hakugombezi, kwa sababu anajua tu kuhusu plastiki. Mama anatakiwa hospitali tarehe 6 Novemba na mguu haukunjiki.

Ningependa nipate jibu lako kabla sijamwandikia baba.

Mdogo wako,
Lusungu


Tandika
20 Oktoba 2024

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Hatujambo huku. Jana nilikwenda Tandale kama nilivyoahidi. Kuna yadi nyingi na mikono ya gia ni mingi, lakini ya umri ule ni ya kubahatisha. Bado natafuta. Shingo ya mchoro nimeirekebisha.

Kaka mzima, ana kazi nyingi. Salamu zako nimemfikishia.

Mama asihamehame, alale hapohapo sebuleni.

Mwanao,
Lusungu


Kimara
23 Oktoba

Dogo,

Barua yako nimeipata, na mama mwenye nyumba kaipata kabla yangu maana hukuibandika. Sasa hivi akinipa maji ya kuoga ananitazama kama hakimu. Asante.

Haya, gari nimelitoa. Sikuiba. Mzee mwenyewe kaniruhusu kwa sahihi yake. Gari lilikuwa linakaa tu hapo nje, sie watu wa mjini hatuwezi kufuga chuma kama ng'ombe. Nilibanwa, nikalitoa, nikafungua fremu ya duka la simu Mbezi, fremu yenyewe haijasimama. Ikisimama nitamchukulia mzee gari jipya, tena lenye kitufe chake cha kiwandani. Ile ishu ya marehemu baba nilisema tu ili wasiniulize sana. Usiikuze.

Sasa nisikilize, maana wewe ukishika kitu unakishika kama rejista. Karatasi waliyobaki nayo pale Tandale ni ya nani? Mwandiko wa nani ule? "Kulihamisha au kulitoa" kaandika nani kwa herufi nzuri vile? Wewe. Uliitunga wewe, ukaituma wewe, mzee akasaini kwa kukuamini wewe, akijua ni bima. Ukinichoma kwa mzee na mie nakuchoma. Naipeleka nakala hadi ofisini kwenu kwa yule mama yako wa kuandika saa, nione karani wa majaribio anayetunga karatasi za kulaghai wazee kama wanampa kazi ya kudumu.

Sitaki tufike huko. Wewe ni damu yangu. Mshikaji wangu ana otomatiki, tarehe tano naikodi, naipandisha mwenyewe Makambako. Mzee anamfikisha mama hospitali, goti linatengenezwa, wote wanafurahi. Baada ya hapo tunamwambia taratibu. Mzee ana presha, ukimshtua sasa na akaanguka, hilo nalo utaliandika kwa mwandiko gani?

We kausha tu. Mwandikie unatafuta.

Braza


JALADA: NYUMBANI
Nakala. Haijatumwa.

Tandika
27 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Hii ni mara ya nne naianza. Gari halipo. Kaka Brightson alilipeleka yadi ya Tandale mwezi wa nane, likakatwa. Mkono wa gia haukuvunjika. Ninao hapa mezani.

Alitumia karatasi niliyoiandika mimi. Nilimuuliza swali moja tu, akacheka, nikanyamaza kwa kuogopa kuonekana mjinga kwenye kazi yangu mwenyewe. Ofisini tunafundishwa kwamba karani asiandike asichokielewa.

Nimeogopa vitu vingi kwa wakati mmoja na sijui kipi cha kweli. Naogopa utaanguka. Naogopa Bi. Zuena. Naogopa kwamba kaka anasema kweli kuhusu tarehe tano na mimi nitakuwa nimevunja nyumba bure kwa siku tisa. Nataka kwanza nipate nakala ya ile karatasi kwa Mudathir, na maelezo yake yaliyosainiwa, ili nikikuandikia kila kitu kiwe na ushahidi na usilazimike kuniamini kwa maneno matupu. Nikivipata


Tandika
3 Novemba 2024

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Habari ni nzuri kidogo. Kaka Brightson amesema atafika na gari tarehe tano jioni, au alfajiri ya tarehe sita likichelewa njiani. Nimeongea naye jana, amenihakikishia. Kwa hiyo mama afungashe.

Suala la mkono wa gia lisikusumbue tena.

Mwanao,
Lusungu


Isack Mlowe,
Makambako.
12 Novemba 2024

Ndugu Lusungu I. Mlowe,
Karani wa Masjala,
Dar es Salaam.

YAH: GARI LANGU

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Tarehe 5 Novemba nilikaa barabarani kuanzia saa tisa alasiri. Tarehe 6 nilikaa tena tangu kabla ya jua. Mama yako alikuwa amevaa na amekaa kwenye kiti mlangoni, mguu juu ya stuli, kwa kuwa uliandika afungashe. Kila gari jeupe kama letu lilipopunguza mwendo niliinuka. Tarehe 7 saa nne asubuhi niliacha kungoja. Lori la mbao lilikubali kumchukua. Alipandishwa na watu wanne, akalazwa juu ya mbao kwenye godoro letu. Tulifika saa tisa. Daktari alikuwa ameshavua glovu. Alimtazama kwa heshima, akasema mwezi wa tano.

Tarehe 10 Brightson alifika kwa basi. Alilia mbele ya mama yako. Alinionyesha nakala ya karatasi ambayo wewe uliniambia ni ya bima. Safari hii nilivaa miwani. Anasema ulimpelekea mtu wa Tandale gari pamoja na karatasi hiyo, na kwamba yeye alikuwa akikuficha kwa miezi miwili kwa sababu wewe ni mdogo na kazi yako ni changa. Anasema hadithi ya mkono wa gia ulimtungia wewe.

Nilimfundisha mwandiko ule mtoto wa darasa la kwanza kwa kumshika mkono. Siwezi kusema siujui.

Unatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi ndani ya siku saba tangu upokeapo barua hii.

I. Mlowe
Mwalimu Mstaafu


Tandika
15 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Barua yako ilifika ofisini, kwa anwani uliyoandika. Ilipokelewa na Bi. Zuena, akaifungua kama anavyofungua zote, akaisoma, akaiingiza kwenye rejista ya barua zinazoingia. Kwenye safu ya somo ameandika: Gari la baba yake. Halafu akaniletea mezani, akasema tu, "Mlowe, hii inahitaji majibu." Jumatatu nimeitwa kwa mkuu wa utumishi. Kaka alinitisha kwa jambo hili tangu mwezi uliopita, na sasa limetokea bila yeye kufanya lolote.

Maelezo yangu ni haya.

Sikupeleka gari Tandale. Lilipelekwa na Brightson. Mudathir, mwenye yadi, yuko tayari kusema mbele ya mtu yeyote nani aliliendesha, na jana amenipa maelezo aliyotia sahihi. Nimeyaambatanisha. Naambatanisha pia barua niliyomwandikia kaka tarehe 20 Oktoba, maana huweka nakala ya kila ninachoandika, na barua aliyonijibu, kwa mkono wake, na barua yangu kwako ambayo sikuituma.

Karatasi niliiandika mimi. Sikujua, lakini kutokujua ndiko kulikomtosha.

Ndani ya boksi hili dogo kuna mkono wa gia. Utakitambua kitufe. Nilifikiri kwa muda mrefu kama niuambatanishe au niuache, kwa sababu hauna tena gari la kukaa. Nimeona ni mali yako.

Baba, wiki ile yote nilimwamini. Nilikuwa nikitazama saa ofisini tarehe tano, nikihesabu kaka amefika Morogoro, sasa Mikumi, sasa Iringa. Tarehe sita nilimpigia mpaka simu ikaniambia namba haitumiki. Hata hapo sikuwaandikia. Nilijiambia labda amebadilisha laini na yuko njiani.

Nilikuwa nakusanya ushahidi ili uniamini. Kaka hakukusanya kitu. Alipanda basi akalia.

Naomba unijibu hata kama ni kwa mstari mmoja. Naomba usiniandikie tena kwa somo tajwa hapo juu.

Mwanao,
Lusungu


Makambako
24 Novemba 2024

Lusungu,

Nimepokea boksi. Nilikitambua kitufe kabla sijamaliza kufungua gazeti.

Maelezo ya yule Mudathir nimeyasoma, na ya Brightson nimeyasoma mara mbili, hasa pale aliponiita marehemu. Nilimsomea mama yako kwa sauti. Brightson alikuwa kwenye kiti kilekile cha mlangoni akila. Alinawa mikono, akasema anakwenda dukani mara moja. Mkoba wake ulikuwa umeshatangulia, sijui saa ngapi aliupitisha. Hajarudi, nami simtafuti. Kwa hiyo kuhusu gari umeeleweka. Hukuuza.

Sasa nikuonyeshe kitu. Tarehe 20 Oktoba uliandika barua mbili. Ya kaka yako inasema, "Mkono wa gia nimeupata." Ya kwangu inasema, "Bado natafuta." Nimeziweka mezani pamoja. Tarehe moja, kalamu moja, na mkono haukutetemeka katika yoyote. Nimesahihisha kazi za watoto kwa miaka thelathini na minne na sijawahi kukaa na karatasi mbili kwa muda mrefu hivyo.

Mchungaji wetu ana gari. Ni la klachi, lakini ana mtu wa kuliendesha. Linazunguka mitaa ya usharika, hivyo kulipata lazima umwombe wiki mbili kabla. Tarehe 20 Oktoba zilikuwa zimebaki siku kumi na saba. Ungeandika neno moja tu, "Halipo," ningekwenda kwake asubuhi yake. Sikuhitaji ushahidi. Nilikuamini hata bila miwani.

Brightson aliniibia gari, na gari lilikuwa langu. Zile siku kumi na saba zilikuwa za mama yako.

Anasema nisikuandikie hivi. Anasema ulikuwa unaogopa, na kwamba uliogopa hivyohivyo ulipokuwa mdogo, ukivunja kikombe unakaa uvunguni mpaka uitwe. Nimemwambia hakuna aliyekuita kwa sababu hakuna aliyejua umevunja.

Ule mkono wa gia sikuutupa. Nilitoboa fimbo ya kutembelea ya mama yako kwa juu, nikauchomeka, nikaufunga kwa waya. Umekaa vizuri kiganjani. Kila anapotaka kuinuka anabonyeza kwanza kitufe. Mimi sisikii, ila ananiambia bado kinalia.

Kila asubuhi anauliza utakuja lini. Mimi sijauliza.

Isack Mlowe